Tani Moja au Kazi Nzito: Hesabu ya Mzigo kwa Mnunuzi wa Gari Thika na Ruiru

Katika ukanda unaoanzia Ruiru, ukapita Juja na kuishia Thika, ambako sensa ya 2019 ilihesabu wakazi zaidi ya 490,000 katika mji wa Ruiru na zaidi ya 250,000 mjini Thika, hakuna shughuli inayokwenda bila gari la mizigo. Mitaa ya Thika kama Kamenu, Makongeni na Kiganjo inajengwa kila uchao, na kila nyumba inayoinuka hudai mawe, mchanga, simenti na vyuma. Ndizi na parachichi za Murang'a huingia masokoni alfajiri, na bidhaa za viwandani hutoka mchana kwenda kwa wenye maduka. Mfanyabiashara anayenunua gari lake la kwanza katika mazingira hayo hujikuta akichagua kati ya pikapu nyepesi, ambayo bei na matumizi yake ya mafuta humtia moyo, na gari la kazi nzito, ambalo humwondolea hofu ya kuzidiwa na mzigo. Wengi hushauriwa wachukue kubwa ili wawe salama. Ushauri huo haufai kupokelewa bila hesabu, kwa maana gari linaloitwa zito si lazima liwe ndilo linalobeba mzigo mwingi zaidi.

Nchini Marekani, ambako mjadala huu umezoeleka zaidi, pikapu hugawanywa katika makundi ya nusu tani, robo tatu ya tani na tani moja. Majina hayo yalitokana na mzigo ambao magari ya zamani yaliweza kuuchukua, nusu tani ya Kimarekani ikiwa ratili 1,000, yaani kilo 450 na ushei, lakini leo yamebaki majina matupu, kwa kuwa Ford F-150, ambayo huwekwa katika kundi la nusu tani, hubeba zaidi ya kiasi hicho bila taabu, ilhali F-250 na F-350 zimeundwa kwa fremu nene, ekseli kubwa na breki za kuhimili trela la tani kadhaa. Mnunuzi wa Thika hana sababu ya kuumiza kichwa juu ya makundi hayo. Usukani wa magari hayo uko kushoto, na kanuni ya KS 1515 ya Shirika la Viwango la Kenya hukubali magari ya usukani wa kulia tu, tena yasiyozidi miaka 8 tangu yasajiliwe mara ya kwanza. Upande wa pili, ushuru wa asilimia 25 ambao Marekani iliuweka mwaka 1964 juu ya malori mepesi kutoka nje, ikilipiza kisasi kwa nchi za Ulaya zilizokuwa zimewatoza ushuru kuku wake, huenda ni miongoni mwa sababu zilizowafanya Wajapani wapeleke pikapu zao kwingine, Afrika Mashariki ikiwemo. Kwa hiyo huenda kuku wana mkono wao, kwa namna ya mbali, katika wingi wa Toyota Hilux na Isuzu D-Max kwenye barabara ya Thika.

Ngazi za Kenya basi ni zake. Nusu tani halisi ya mitaani, ukiangalia kazi inayofanywa na si umbo, ni Toyota Probox, gari dogo la mizigo lililotoka mwaka 2002, ambalo kiwanda chake kililikadiria kilo 400 likiwa na watu wawili, na ambalo madereva wa Kenya wamelikadiria vingine kabisa. Juu yake ipo pikapu ya tani moja, Hilux au D-Max ya milango miwili. Kisha Toyota Land Cruiser 79, ambayo ndiyo pikapu ya kazi nzito inayofahamika zaidi katika eneo hili. Na hatimaye malori madogo ya Mitsubishi Fuso Canter na Isuzu za aina ya N, ambayo kwa sheria na kwa mazoea si pikapu tena, lakini ndiyo mshindani wa kweli katika uamuzi huu.

Uamuzi wenyewe hutegemea vipimo vitatu. Uzito mtupu ni uzito wa gari likiwa na mafuta na maji yake bila mtu wala mzigo. Uzito jumla ni kikomo ambacho kiwanda kimeweka kwa gari, watu na mzigo vikiwa pamoja. Na tofauti ya hivyo viwili ndiyo uwezo wa kubeba. Kinachosahauliwa mara nyingi ni kwamba watu nao huhesabiwa. Pikapu yenye uwezo wa kilo 1,000, ikipakia dereva, utingo na mwenye mali, imekwisha kupoteza kilo 200 hivi kabla mfuko wa kwanza wa simenti haujapanda, na kwa kuwa mfuko mmoja una kilo 50, hesabu ya kawaida ya mifuko 20 inabidi ishuke hadi 16. Mchanga hudanganya zaidi. Sanduku la pikapu ya milango miwili lina urefu wa mita 2.3 hivi, upana wa mita moja na nusu na kimo cha karibu nusu mita, yaani zaidi ya mita moja na nusu ya ujazo. Na kwa kuwa mita moja ya ujazo ya mchanga mkavu ina takriban tani moja na nusu, pikapu iliyojazwa mpaka ukingoni hubeba zaidi ya tani mbili, na mvua ikiunyeshea mchanga huo uzito huongezeka bila mtu kugusa koleo. Jicho la mpakiaji huona nafasi, halioni kilo.

Gari likizidishiwa hivyo, nyuma huzama na mbele huinuka, tairi za mbele hupoteza mshiko, usukani huwa mwepesi kuliko inavyofaa, na breki, ambazo zilipimwa kwa uzito uliotajwa na kiwanda, huhitaji masafa marefu zaidi kulisimamisha. Dawa inayopendwa katika gereji za jua kali ni kuongeza vyuma bapa kwenye springi za nyuma ili gari lisikae chini. Kazi hiyo hufanywa kwa ustadi na kwa bei nafuu, lakini huondoa dalili na kuacha ugonjwa, kwa sababu springi iliyoimarishwa haiongezi unene wa fremu, wala ukubwa wa breki, wala nguvu ya ekseli. Linaloongezeka ni ujasiri wa mpakiaji tu, ambaye haoni tena gari likilalamika.

Hapo ndipo Land Cruiser 79 huingia katika mazungumzo, na inastahili kuchunguzwa kwa karibu, kwa kuwa sifa zake huzungumzwa zaidi kuliko zinavyoeleweka. Injini yake iliyozoeleka Kenya, 1HZ ya dizeli yenye lita 4.2 na silinda 6, haina tabo (turbo), na hutoa nguvu-farasi takriban 130; Hilux ya lita 2.4 yenye tabo hutoa karibu 150, kwa mafuta machache zaidi. Uwezo wa kubeba wa magari hayo mawili, ukisomwa katika vitabu vyao, haupishani sana, kila moja likizungukia tani moja. Mtu anayelipa fedha nyingi zaidi kwa Land Cruiser, basi, hanunui kasi wala kilo. Ananunua uvumilivu. Ekseli ya mbele ni chuma kimoja kinachounganisha magurudumu mawili, si mikono miwili inayocheza kila mmoja kivyake kama ya Hilux. Na nyuma, uzito wa gari hulala juu ya gamba la ekseli na beringi zake, huku shafti iliyo ndani ikiachiwa kazi moja tu ya kuzungusha gurudumu. Katika pikapu nyepesi, shafti hiyohiyo huzungusha na pia hubeba, kwa hiyo ikikatika, gurudumu laweza kuchomoka nayo. Tofauti hii huonekana hata kwa asiye fundi: katikati ya gurudumu la nyuma la Land Cruiser, kama ilivyo kwa lori, hujitokeza kitovu cha chuma kilichofungwa kwa duara la bolti ndogo, ilhali cha Hilux ni bapa.

Uvumilivu huo una mahali pake. Gari linalotoka Thika kwa barabara ya Garissa, likaiacha lami na kuingia njia za Dadaab, Liboi au Mandera, hupigwa na makorongo na mawe mchana kutwa, na huko injini isiyo na tabo wala kompyuta nyingi, ambayo fundi wa kijijini anaweza kuifungua, ina thamani kuliko nguvu-farasi 20 za ziada. Ndiyo sababu polisi, walinzi wa wanyamapori na mashirika ya misaada hawaachani nayo. Zamani nafasi hiyo ilikuwa ya Land Rover, ambayo kwa miaka mingi iliunganishwa papa hapa Thika, katika kiwanda kilichoanzishwa mwaka 1974 kwa jina la Leyland Kenya na ambacho baadaye kiliitwa Kenya Vehicle Manufacturers. Lakini kwa mtu anayezunguka kati ya Kamenu, Ruiru na Githurai, ambako sehemu kubwa ya safari ni lami ya barabara kuu iliyozinduliwa mwaka 2012, Land Cruiser ya mizigo ni heshima zaidi kuliko biashara.

Anayebeba uzito mkubwa kila siku juu ya lami anahitaji lori dogo. Mawe ya kukatwa kwa mashine kutoka machimbo ya Ndarugu, ambayo yamejenga sehemu kubwa ya Ruiru na Juja, hayakuumbiwa pikapu ya aina yoyote. Canter ina tairi nne nyuma badala ya mbili, hivyo mzigo hugawanywa kwa mipira mingi zaidi. Chumba cha dereva kimekaa juu ya injini, kwa hiyo sehemu kubwa ya urefu wa gari ni kitanda cha mizigo. Na injini yake huvuta polepole kwa gia fupi, ikibeba tani 3 au zaidi kulingana na muundo. Bei ya iliyotumika hailingani na ya Land Cruiser hata kidogo. Wenye mapenzi na umbo la pikapu huona lori dogo ni gari la watu wa chini, na maoni hayo huwagharimu.

Hata hivyo lori dogo huleta sheria zake. Leseni ya daraja B huruhusu gari jepesi, ilhali lori dogo huhitaji daraja C1. Sheria ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya Udhibiti wa Mizigo ya Magari, ya mwaka 2013, huhusu magari yenye uzito jumla wa kilo 3,500 na zaidi, kwa hiyo pikapu hupita mbali na mizani ya Juja bila kuulizwa, na lori huitwa. Msingi wa ukali huo ni majaribio yaliyofanywa Ottawa, jimbo la Illinois, kati ya 1958 na 1960, yaliyoonyesha kwamba uchakavu wa barabara hupanda takriban kwa kipeo cha nne cha uzito wa ekseli, yaani ekseli iliyozidishiwa mara mbili huiumiza lami kama mara 16. Lakini ni vyema ifahamike kwamba sheria hulinda barabara, hailindi gari: ekseli moja yenye tairi nne huruhusiwa tani 10, kiwango ambacho ekseli ya nyuma ya Canter haikuundwa kukikaribia, na kwa hivyo lori dogo laweza kupita mizani likiwa limekwisha kuzidiwa kwa kipimo cha kiwanda chake.

Zipo biashara ambazo uzito si neno kabisa. Pikapu za miraa zinazoshuka kutoka Maua kwa kasi ya kutisha, zikipita Thika kuelekea Eastleigh na viwanja vya ndege, hubeba majani yanayopoteza thamani kila saa inayopita, na kwazo lori lingekuwa hasara tupu. (Kwamba kasi hiyo imeua watu wengi ni suala la madereva na wanaowalipa, si la aina ya gari.) Mayai, mkate, maua na nguo za mitumba hujaza sanduku kabla ya kulemea springi, na wachuuzi wa bidhaa hizo hununua nafasi na wepesi, wakiridhika na pikapu ya tani moja au hata Probox.

Kosa la kawaida ni kuchagua gari kwa kuangalia mzigo mzito kuliko yote ambao mtu amewahi kuubeba. Mwenye duka la vifaa vya ujenzi anayepeleka mifuko 10 ya simenti na mabati machache siku tano kwa wiki, na tani 4 za vyuma mara moja kwa mwezi, ana kazi ya pikapu. Siku ile moja hukodi Canter, ambazo Thika hazikosekani, na mafuta, tairi na dereva wa siku hiyo humhusu mwenye lori. Akinunua lori kwa ajili ya siku hiyo, atalizungusha likiwa na mzigo usiofika hata robo ya uwezo wake siku nyingine zote, akilipa dizeli kwa bei inayotangazwa kila mwezi na EPRA, mamlaka ya nishati na petroli. Kinyume chake, anayekodi lori mara tatu kwa wiki huku pikapu yake imelala uani ameshapata jibu, ingawa huenda hajalikubali.

Kwa anayenunua lililotumika, ambao ndio wengi, historia ya mzigo husomwa chini ya gari. Rangi mpya kwenye fremu nyuma ya chumba cha dereva, ambapo fremu hupinda ikizidiwa, huweza kuficha ufa uliochomelewa. Vyuma vya springi vilivyo vingi upande mmoja kuliko wa pili huonyesha gari lililokuwa likilala. Na mipira inayozuia ekseli kugonga fremu, ikiwa imesagika, hueleza yale ambayo muuzaji hakusema. Inafaa pia gari lijaribiwe likiwa na mzigo, likipanda mlima na kushuka, kwa sababu klachi inayoteleza na breki inayovuta upande mmoja hujificha likiwa tupu.