Koplo wa Burma aliyetuhesabu kila jioni

Kila aliyepita barabara ya Kenyatta mjini Nairobi ameziona zile sanamu tatu za shaba zilizosimamishwa mwaka 1928 kuwakumbuka askari na wapagazi wa vita vya kwanza vya dunia. Wengi hupita bila kuuliza. Mimi pia nilipita hivyo miaka mingi, ingawa kwetu Machakos nililelewa na askari mwenyewe, mwenye mwili na damu.

Babu yangu mzaa baba alipigana vita vya pili katika jeshi la King's African Rifles, ambalo wazee waliliita Keya. Hakuwa mtu mkubwa. Alitoka jeshini na mistari miwili ya koplo, akarudi kushika jembe. Lakini kuna jambo moja katika maisha yake ambalo sitaki lizikwe pamoja naye.

Sisi wajukuu tulimwogopa. Aliamka kabla ya jogoo, akanyoa ndevu kwa maji baridi, akalikunja blanketi lake pembe nne sawasawa. Na kila jua lilipotua alisimama uani akatuita. Tulipanga mstari kuanzia mkubwa hadi mdogo, naye akatuhesabu kwa sauti. Tulikuwa kumi na wanne. Mmoja akikosekana, hapana aliyekula mpaka apatikane. Majirani walisema mzee huyu bado yumo kambini. Sisi nasi tulimcheka, lakini kwa siri.

Usiku wa mbuzi

Nilipokuwa na umri wa miaka tisa nilimfuata mbuzi aliyepotea mpaka bondeni, giza likanikuta huko. Kwa kuogopa kiboko nilijificha kichakani. Usiku niliona taa ikishuka mlimani, nikasikia babu akiliita jina langu. Ile haikuwa sauti yake ya amri.

Aliponiona hakunipiga. Aliketi juu ya jiwe, mikono ikimtetemeka hata mwanga wa taa ukawa unacheza. Kisha akasema, "Mjukuu wangu, kule Burma tulihesabiwa kila jioni. Siku moja tulitoka doria watu kumi na wawili. Jioni sajini akahesabu, akafika kumi. Akarudia tena, akafika kumi. Wale wawili mpaka leo sijui walilala wapi."

Hakusema zaidi. Tulirudi nyumbani amenishika mkono, na tangu siku hiyo sikumcheka tena.

Mambo mengine nilikuja kuyasoma nilipokuwa mtu mzima. Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki, iliyokuwa na alama ya kichwa cha kifaru, iliteremka bonde la Kabaw kuanzia Agosti 1944, masika ya huko yakiwa yamepamba moto. Njia ziligeuka matope, na chakula kiliangushwa na ndege kwa miavuli. Malaria iliwalaza watu kama risasi zilivyowalaza. Mapema Desemba waliufikia mji wa Kalewa, kando ya mto Chindwin. Wengine hawakufika hata vitani: tarehe 12 Februari 1944 meli iitwayo Khedive Ismail, iliyotoka Mombasa kwenda Colombo, ilizamishwa na Wajapani, wakafa watu zaidi ya 1,200, wengi wao wapiga mizinga wa Afrika Mashariki.

Cherehani na mkebe

Wenzake walipopewa fedha za kuachishwa kazi, wengine walinunua makoti na santuri. Babu alinunua cherehani, akaibeba mpaka nyumbani na kumpa nyanya, aliyemngojea miaka mitatu bila kujua kama yu hai. Cherehani hiyo ndiyo iliyowasomesha baba na ndugu zake. Nyanya alishona mchana kutwa, naye babu akaenda kisimani na mtungi mwenyewe, jambo ambalo wanaume wa kijiji waliliona aibu. Hakuwajibu.

Mwaka 2019 nilisoma habari za hati zilizoonyesha kwamba serikali ya Uingereza ilipima malipo hayo kwa rangi ya ngozi, Mwafrika akipata kiasi cha theluthi moja ya alichopata mzungu wa cheo kilekile. Niliona uchungu sana. Kisha nikakumbuka kwamba babu hakuivaa nishani yake hata siku moja. Ile nyota ya Burma yenye pembe sita ilikaa ndani ya mkebe wa majani ya chai pamoja na vifungo na nyuzi za nyanya, nasi tukiwa wadogo tuliichezea chini ya meza. Nadhani alijua, na alikuwa amekwisha kuijibu serikali hiyo kwa njia yake.

Siku tulipomzika, jua lilipotua, wana, wajukuu na vitukuu tulijaa uani tusijue la kufanya. Nyanya akatoka mlangoni akatuamuru tupange mstari. Hakuwa amefanya hivyo hata mara moja maishani mwake. Akatuhesabu polepole hadi mwisho, akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Wote wapo. Na mzee tunajua alipolala."

Karibu na Rangoon, katika makaburi ya Taukkyan, yameandikwa majina ya watu wapatao 27,000 wasiojulikana walipolala. Labda wale wawili wa babu wamo.

Wasomaji wapenzi, waliopigana vita vile wamekwisha karibu wote, lakini wake zao na watoto wao bado tunao. Kama nyumbani kwenu uko mkebe wa namna ile, ufungueni leo, muulize, na mtakayoambiwa myaandike. Kesho huenda asiwepo wa kuulizwa.

Mwenyezi Mungu amlaze babu mahali pema.