Umemleta Shosh Nairobi? Kabla Umnunulie TV Kubwa, Soma Hii

Wacha tuongee ukweli. Ulimtoa shosh ushago, ukamleta kwa keja yako ghorofa ya nne. TV iko, chai iko kwa themosi, wewe huyo job. Jioni ukirudi unampata amenyamaza tu. Goti linauma, usingizi hakuna. Unajiambia, "Ni uzee tu."

Si lazima iwe uzee. Ushago alikuwa na shamba, kuku na jirani wa kupiga naye stori kwa ua. Hapa umempatia ukuta.

Usidhani hii ni stori ya jaba. Watafiti wa Japani walifuatilia wazee zaidi ya 3,000 jijini Tokyo kwa miaka mitano. Mwaka wa 2002 walitoa matokeo: wale walioishi karibu na sehemu zenye miti za kutembea walikuwa na nafasi kubwa zaidi ya kuwa hai miaka hiyo ikiisha. Na hapo walikuwa wameshazingatia umri na uwezo wa kifedha.

Sasa miti inasaidia aje? Kwanza, inamtoa mzee nje. Shirika la Afya Duniani linasema anahitaji angalau dakika 150 za mazoezi ya wastani kwa wiki, yaani nusu saa siku tano. Kutembea kunasaidia presha na sukari, na miguu ikipata nguvu, haanguki ovyo. Pili, mwanga wa asubuhi unauambia mwili saa ya kuamka na saa ya kulala. Tatu, kivuli. Mwili wa mzee hauhimili joto kama wako. Nne, na hii ndio kubwa, kuna watu. Upweke ni noma kwa roho na kwa mwili.

Nairobi hizo sehemu ziko. Arboretum ni ya tangu 1907. Jeevanjee, pale katikati ya tao, ni ya 1906. Lakini hazikubaki hivi hivi. Mwaka wa 1989 Wangari Maathai alisimama kidete jumba la ghorofa 60 lisijengwe Uhuru Park. Mwaka wa 1991 Zarina Patel, mjukuu wa Jeevanjee mwenyewe, aliongoza vita Jeevanjee isigeuzwe maegesho ya magari. Bila hao wamama wawili, shosh wako angeketi wapi leo?

Kwa hivyo ukiskia kiwanja cha mtaa wenu kinanyemelewa na wanyakuzi, usinyamaze. Hiyo ni dawa ya wazee inaibiwa.

Jumamosi hii, jaribu. Chagua mahali penye benchi, choo na njia isiyo na mashimo. Mkikosa pa mbali, hata mti ulio kwa kiwanja cha kanisa unatosha. Enda pole pole, mwendo wake, na simu iweke mfukoni. Halafu muulize ule ni mti gani. Utashangaa vile ataongea.