Kilwa Kisiwani au Songo Mnara: Pesa Inaishia Kwenye Boti

Wengi wanaopanga kwenda kuona magofu ya Kilwa huulizia kiingilio kwanza. Kwa raia, ambaye hutozwa chini ya mgeni, kiingilio si mzigo, ilimradi asisahau kitambulisho. Kinachotofautisha safari ya bei nafuu na ya ghali ni chombo cha kuvukia.

Ukisimama bandarini Kilwa Masoko, Kisiwani unakuona ng'ambo. Kuna mashua za wenyeji: unapanda pamoja na watu waliotoka sokoni na vikapu vyao, unalipa nauli ya kichwa. Ukikodi, unalipa chombo kizima hata ukiwa peke yako. Kibali na mwongozaji vipatikane Masoko kabla ya kushuka bandarini.

Kwa msafiri wa peke yake, Kisiwani inatosha, na inatosha kweli. Msikiti Mkuu ulianzishwa karne ya 11, ukapanuliwa, ukaezekwa kuba na matao. Husuni Kubwa, jumba la sultani lenye bwawa la pembe nane, iko mbali na msikiti. Beba maji ya kunywa, na usikubali ziara ya haraka inayoiruka.

Songo Mnara iko kusini zaidi, na kwa mtalii maana yake ni kukodi boti. Hapo ndipo wengi hukata tamaa, nami naona wanakosa kilicho bora. Kisiwani utaona misikiti na majumba ya watawala; Songo Mnara utaona makazi, nyumba zaidi ya 30 za mawe ya matumbawe. Unashuka ngazi kuingia uani, unapita chumba hadi chumba, unakuta vidaka ukutani na choo kilichojengwa kwa mawe. Unajua kabisa mgeni alikaa wapi na wenyewe walilala wapi.

Basi tafuta wenzako. Mkiwa sita, kila mmoja anatoa sehemu moja ya sita ya kodi ileile. Chombo cha tanga ni nafuu kuliko cha injini, lakini kusi ikivuma mtakwenda kwa bisho na siku itawaishia njiani. Kwa safari ya siku moja, ningelipia injini.

Mpatane kila kitu kabla ya kung'oa nanga: bei ni ya kwenda na kurudi? Mafuta yamo? Nahodha atawasubiri? Makoti ya kuokolea yapo ya kutosha? Zaidi ya yote, ulizeni maji yanajaa saa ngapi. Yakiwa yamekupwa, boti husimama mbali na mtatembea kwenye tope la mikoko, viatu mkononi.

Mwenye siku mbili aende Kisiwani siku ya kwanza kwa mashua ya abiria, jioni aulizie gesti za Masoko nani anataka kuchangia boti ya Songo Mnara kesho yake.