Kuwatambua Wandani wa Durga

Katika sherehe ya Durga Puja huko Bengal, nchini India, mungu wa kike Durga hufinyangwa kwa udongo, simba kando yake, akimchoma mkuki zimwi Mahishasura. Ubavuni mwake husimama wandani wanne. Nyuso zao hufanana mno. Mtazamaji mgeni na aangalie mnyama aliye miguuni. Bundi ni wa Lakshmi, mgawaji wa neema. Bata bukini ni wa Saraswati, mlezi wa elimu. Tausi ni wa Kartikeya, jemadari wa vita. Ganesha, mwenye kichwa cha tembo, hahitaji panya wake ili ajulikane.

Utata upo kwa yule wa tano. Kando ya Ganesha husimamishwa mgomba uliovishwa sari, majani yameinama mithili ya bibi harusi mwenye haya. Watu wengi humwita mke wa Ganesha, na jina lake la mitaani, kola bou, huuzidisha mkanganyo huo, kwani maana yake ni mke-mgomba. Hata hivyo, ndani ya sari mgomba huo umefungwa pamoja na mimea mingine minane, ukiwamo mpunga, mmanjano na mkomamanga. Fungu hilo ndilo Navapatrika, yaani majani tisa, na kila mmea ni sura mojawapo ya Durga mwenyewe, mamaye Ganesha. Anayedhaniwa mkaza mwana kumbe ndiye mama mkwe! Ndiyo maana huogeshwa mtoni kwa heshima kuu, alfajiri ya siku ya saba, kabla ya kuwekwa mahali pake.