Haiwaki, haiamki au imeganda? Kompyuta haifi kwa njia moja

JUMA lililopita nilipitia saiba moja karibu na steji ya Olympic, Kibera, kuchapisha karatasi fulani. Sikuchapisha. Mwenye saiba, mama wa makamo, alikuwa na simu sikioni akimlilia fundi aliyekuwa Kawangware: "Fundi, ile mashine ya printa imekufa. Imekufa kabisa!" Fundi, bila kuiona mashine yenyewe, akamjibu kwamba hiyo lazima ni bodi kuu, ile wanayoiita 'mathabodi', na kwamba aanze kutafuta shilingi elfu tisa.

Ilikuwa siku ya tatu. Waliokuja kutafuta PIN ya KRA na kujaza fomu za mkopo wa HELB walikuwa wakigeukia mlangoni na kushika njia ya Makina.

Kijana wa jirani anayetengeneza simu na kompyuta akaingia. Hakugusa kitu. Aliuliza tu: "Imekufa aje, mama? Stima inaingia? Taa inawaka? Feni inazunguka? Skrini inaandika chochote?"

"Taa inawaka," mama akajibu. "Feni nayo inanguruma. Ni skrini tu, giza totoro."

"Basi haijakufa. Inawaka, lakini haiamki."

Msomaji wangu, sentensi hiyo ya mwisho ndiyo iliyonifanya niandike makala haya. Kwa miaka mingi wapenzi wa Kiswahili tumebishana kuhusu nomino: tuseme tarakilishi, ngamizi au kompyuta? Vitenzi tumevisahau. Ilhali mtu anapopeleka mashine kwa fundi, nomino haimsaidii sana, maana fundi anaiona mashine mbele yake. Kinachomsaidia ni kitenzi, kwa kuwa ndicho kinachoeleza mashine imekwama katika hatua gani.

Vitenzi vyenyewe tunavyo. 'Kuwaka' ni kupata umeme: taa, feni, joto. 'Kuamka' ni hatua inayofuata, pale mashine inapojikagua na kuanza kazi. Vyote viwili vina jozi zake za kusababisha, ambapo sauti 'k' hugeuka kuwa 'sh': waka, washa, amka, amsha, sawa na anguka, angusha. Kitenzi cha tatu ni 'kuganda', tulichokiazima kwa maziwa na samli. Mashine iliyoganda imewaka, imeamka, kisha ikakwama katikati ya safari. Mitaani tunasema 'imehang', lakini sioni ni nini 'imeganda' imepungukiwa.

Kuhusu 'kuamka', najua wengi husema kompyuta 'haibuti'. Wazungumzaji wa Kiingereza wenyewe walilitoa neno hilo kwenye kiatu: ule ugwe wa nyuma ya buti ambao mtu, kwa mzaha, angejivuta nao hadi akajiinua kutoka ardhini. Sisi 'buti' tayari linatubebea kiatu na sehemu ya nyuma ya gari. Sina ugomvi na anayelitumia, ila 'kuamka' lina faida moja: hata mama asiyejua lolote kuhusu kompyuta anajua kwamba aliyekosa kuamka si lazima awe maiti.

Turudi Olympic. Kijana alizima mashine, akaichomoa ukutani, akabonyeza kitufe cha kuwashia kwa sekunde chache ili umeme uliobaki ndani uishe, kisha akafungua kifuniko na kugusa chuma cha kasha kabla ya kugusa kitu kingine. Akauliza: "Ni nini kiliongezwa hapa karibuni?" Mama akakumbuka kwamba mwaka jana tundu la kebo ya mtandao lililokuja na mashine liliharibika, akachomekewa kadi ya mtandao ya mtumba. Na Jumapili usiku kulikuwa na radi.

Hapo kijana akaichomoa kadi hiyo na kuwasha mashine. Skrini ikaandika. Mama akapiga makofi.

Lakini kijana hakuishia hapo. Alizima tena, akasugua miguu ya shaba ya kadi kwa kifutio cha penseli, akairudisha. Giza. Akaihamishia nafasi nyingine. Giza. Akaitoa. Mwangaza. Sasa ndipo aliposema kadi ndiyo mkosaji.

Tazama jinsi sarufi yetu inavyoifahamu kazi hii. Chomeka, chomoa, bandika, bandua, funga, fungua. Wanaisimu huiita kauli ya kutendua. Anayetafuta hitilafu hutenda na kutendua, kitu kimoja kwa wakati, hadi ajue ni tendo gani linaloleta giza. Akichomoa vitu vitatu kwa pamoja, mashine itaamka lakini hatajua amshukuru nani.

Kwa nini kadi ndogo iizuie mashine nzima? Kabla ya kuamka, programu ya kwanza iliyohifadhiwa kwenye bodi kuu hukagua kumbukumbu, kicharazio na kadi zote. Kadi iliyoungua ndani huweza kuvuruga umeme au njia ya mawasiliano wanayoitumia wote, na ukaguzi ukakwama. Kebo ya mtandao nayo hupitisha mshtuko wa radi, hata ukiwa umezima mashine.

Zipo pia kompyuta za mkononi zinazokataa kwa makusudi. Baadhi ya ThinkPad, kwa mfano, zilitengenezwa na orodha ya kadi za mtandao zinazokubalika. Ukiweka kadi isiyo kwenye orodha, hutoa kosa nambari 1802 na kukuamuru uzime na kuiondoa. Kadi hiyo ni nzima. Imekosa kibali tu.

Kuna wakati vilevile kadi husingiziwa. Skrini ikiandika ujumbe unaoanza na herufi PXE, kisha ikakutaka ukague kebo, wengi hukimbilia kununua kadi mpya. PXE ni utaratibu wa kuiamsha kompyuta kupitia mtandao badala ya diski. Mara nyingi ujumbe huo hutokea kwa sababu mashine imeitafuta diski na kuikosa, ikaamua kubisha mlango wa mtandao. Kadi ndiyo iliyozungumza, lakini aliyenyamaza ndiye mgonjwa. Kagua kwanza kama diski inaonekana na kama mpangilio wa kuamkia haujabadilika.

Na ikiwa mashine imeamka, ikafika kwenye nembo ya Windows na kuganda, shaka iangukie programu inayoendesha kadi kabla ya kadi yenyewe. Iamshe katika hali salama isiyo na mtandao. Ikikubali, ondoa programu hiyo na uiweke upya.

Unaona basi hasara ya 'imekufa' na ya 'imeharibika'. Hilo la pili liko katika kauli ya kutendeka, ambayo haimtaji mtenda. Linafaa kwa anayeomba pole, si kwa anayetafuta tiba. Fundi wa Kawangware huenda hakuwa mwizi. Aliambiwa kuna maiti, naye akataja bei ya jeneza.

Mama alinunua kadi nyingine ya mtumba kwa bei ambayo haikufika hata sehemu ya kumi ya ile elfu tisa, na jioni karatasi zangu zikachapishwa. Nilipokuwa nikilipa, mteja mmoja kwenye kona alipaza sauti: "Mama, hii yangu imekufa!"

Mama hakuinua macho. "Imekufa aje?"