Mzee haitiki? Masikio kwanza, eafoni baadaye



Leo tuzungumze masikio. Nyumba nyingi zetu zina mzee ambaye haitiki mpaka aitwe mara tatu. Watu husema "bibi keshaanza kusahau", kumbe hasikii. Asiyesikia hujitenga, watu wakizungumza yeye hukaa kimya.

Mama mmoja wa Ibra alikuja na mwanawe. Kijana alikuwa amemvisha eafoni zake zisizo na waya na kuweka simu mezani karibu na wanaozungumza, sauti ikamfikia masikioni. iPhone na AirPods zina uwezo huu tangu 2018. Wenye Android wana programu ya Google iitwayo Sound Amplifier. Lakini mama alilalamika sikio la kulia bado zito, na kijana akazidi kuongeza sauti. Nikamwambia ngoja mwanangu, tutazame kwanza. Nta ilikuwa imeziba kabisa! Iliposafishwa, mama akauliza: "Kumbe feni hii ina kelele hivi?"

Siwakatazi vifaa vipya. iOS 18.1 ya Oktoba 2024 iliziwezesha AirPods Pro 2 kupima usikivu kwa dakika kama tano, na kumsaidia mtu wa miaka 18 na zaidi aliyepungukiwa kidogo au kwa wastani. Si kila nchi imefunguliwa huduma hiyo, basi angalia kwenye simu yako baada ya kusasisha. Android 13 ya 2022 nayo ilileta Bluetooth ya aina mpya, LE Audio, inayowezesha chombo kimoja kurusha sauti kwa wasikilizaji wengi. Lazima simu na eafoni zote ziwe za aina hiyo.

Ila simu haioni ndani ya sikio. Kwa hiyo:

1. Mpeleke mzee kituo cha afya, atazamwe masikio kabla ya kununua chochote.

2. Usichokonoe kwa pamba wala njiti. Unaisukuma nta ndani.

3. Sikio likitoa usaha, likiuma, au likivuma upande mmoja tu, usivae eafoni. Muone daktari.

4. Sikio likizima ghafla, nenda hospitali siku hiyo hiyo. Dawa husaidia zaidi ikianza mapema; usingoje wiki ipite.

5. Aliyepungukiwa sana anahitaji mashine ya kusikilizia ya hospitali. Eafoni hazitoshi.

Na nyinyi vijana, sauti isizidi asilimia 60. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asizidi desibeli 80 kwa saa 40 kwa wiki. Sikio likishaharibiwa na kelele, halirudi.

Ukimpigia mzee leo, sema taratibu, usimfokee. Pengine hajasahau kitu, hajakusikia tu.

Tukutane tena, inshallah. Afya njema.