Tujuane Kabla ya Kufungua Juzuu



Mtume (S.A.W.) alipohamia Madina mwaka 622, aliwaunga udugu Muhajirina na Ansari wawili wawili, mgeni na mwenyeji. Abdurrahman bin Auf aliungwa na Saad bin Rabii, aliyekuwa tayari kumgawia nusu ya mali yake. Abdurrahman akamwombea baraka, akataka aonyeshwe soko tu.

Nasi hapa Tunduma tuna wageni. Darasa moja hukusanya Mnyamwanga, Mnyiha, Mndali na mtoto wa Nakonde ambaye nyumbani husema Kibemba. Akichekwa matamshi yake siku ya kwanza hufunga mdomo, na Qur'ani haisomeshwi mdomo uliofungwa.

Basi siku hiyo ketini wawili wawili, mwenyeji na mgeni, wavulana kwao na wasichana kwao. Mwulize mwenzio jina lake na maana yake, anakoishi, na sura aliyohifadhi. Kabila msiulizane, litajulikana lenyewe. Kisha usijitaje wewe, bali mtambulishe yeye mbele ya darasa. Ukikosea jina lake, rudia mpaka alikubali.

Nanyi wazazi, jioni mwulizeni mtoto ameungwa na nani.